Albamu Iliyoimbiwa Nani? *Mambo* (1992) ya Super Matimila na Suala la Uteuzi wa Data, kwa Mtazamo wa Masasi na Newala

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua suala moja la kimbinu linalomkabili kila mtafiti wa muziki wa dansi wa Tanzania, nalo ni hili: je, rekodi inayopatikana kwa urahisi ndiyo inayostahili kuwa kielelezo cha muziki unaochunguzwa? Suala hili linajadiliwa kwa kurejelea albamu ya *Mambo* ya Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila, iliyotolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza mwaka 1992. Albamu hiyo ilikuwa jaribio la wazi la bendi iliyokwisha komaa nyumbani kujivika sauti ya kisasa ya soko la kimataifa. Leo mtafiti mwenye intaneti huipata bila taabu. Kanda ambazo bendi hiyohiyo iliwaimbia Watanzania katika miaka ya 1980 hazipatikani kwa wepesi huo. Kwa sababu hiyo upo uwezekano wa kweli kwamba historia ya Super Matimila itaandikwa kwa kutegemea sehemu ile ya kazi yake ambayo haikuwalenga wasikilizaji wa nyumbani.

Utafiti mpana ambao makala haya yanatokana nao unahusu upokezi wa muziki wa dansi katika wilaya za Masasi na Newala. Msomaji anaweza kuuliza uhusiano uliopo kati ya Newala, mji ulio juu ya ukingo wa uwanda wa Makonde ukitazama bonde la Ruvuma, na studio iliyoko kijijini Uingereza. Jibu ni kwamba sehemu hii ya nchi imekwisha kupitia hali kama hiyo mara mbili, kwanza katika nyimbo zake na baadaye katika vinyago vyake. Uzoefu huo unatupatia namna ya kuisikiliza *Mambo* ambayo hatuipati tukiisikiliza kutoka Dar es Salaam peke yake.

2.0 Silinda za Nta za Mwaka 1906

Mwaka 1906, wakati makovu ya Vita vya Maji Maji yakiwa bado mabichi, mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyetoka katika jumba la makumbusho la Leipzig, alisafiri kutoka Lindi hadi Masasi, kisha Chingulungulu, Newala na Mahuta. Alibeba kamera ya picha za kutembea pamoja na mashine ya fonografu, na kwa mashine hiyo akazinasa nyimbo za Wayao, Wamakua na Wamakonde kwenye silinda za nta. Masimulizi ya safari yake yalichapishwa Ujerumani mwaka 1908. Hizo ni miongoni mwa rekodi za mwanzo kabisa za sauti za watu wa sehemu hii, nazo zilipelekwa Ujerumani.

Jambo moja la kiufundi linafaa kuangaliwa kwa makini. Silinda ya nta ya wakati ule ilichukua sauti ya dakika chache tu. Ngoma ya kuwapokea vijana wanaotoka jandoni huweza kukesha. Mwimbaji huanza, wenzake humwitikia, ching'anga, ile ngoma ndogo inayochomekwa ardhini na kupigwa kwa vijiti vyembamba, huwakimbiza wachezaji, na maneno huongezwa papo hapo kwa kadiri ya aliyefika na yaliyotokea kijijini wiki hiyo. Kilichoingia katika silinda ni kipande kilichoimbwa mbele ya pembe ya chuma kwa ajili ya mgeni aliyeomba. Hatuna sababu ya kukiita kipande hicho uongo, kwani sauti ni ya watu wenyewe na wimbo ni wao. Aliyebadilika ni msemewa. Anayeimba mbele ya fonografu hamwimbii kijana aliyetoka jandoni wala mamaye, na lililoachwa nje ya silinda halijulikani kwa kuisikiliza silinda hiyo.

Ndiyo maana makala haya yanatumia dhana ya *msemewa* kuwa chombo cha uchambuzi. Katika mijadala mingi ya muziki wetu usasa hupimwa kwa ala: bendi ilianza lini kutumia kinanda cha umeme, nani aliondoa tarumbeta, nani alileta rapa. Vipimo hivyo vina faida yake, lakini haviwezi kuonesha badiliko kubwa zaidi katika albamu inayojadiliwa hapa.

3.0 Bendi na Njia Yake

Remmy Ongala alizaliwa mwaka 1947 upande wa Kindu, mashariki mwa Kongo, akafika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliingia Matimila, bendi ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Super Matimila na ambayo yeye alikuwa sura na sauti yake. Mtindo wake uliitwa *Ubongo Beat*. Jina hilo ni ufunguo wa sanaa yake: mpigo unaolenga ubongo, yaani wimbo unaochezwa huku ukisikilizwa maneno. Alijitambulisha na mnyonge, akaimba juu ya umaskini, kifo na dhuluma, na watu wakamwita Dokta. Kituo cha daladala cha Sinza kwa Remmy kimebaki na jina lake hata baada ya kufariki kwake tarehe 13 Desemba 2010.

Ili kuelewa kwa nini bendi kama hii ilitazama nje, ni lazima kukumbuka namna muziki ulivyorekodiwa nchini. Katika miaka ya 1980 Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ndiyo iliyokuwa redio pekee ya Tanzania Bara na studio yake ndiyo iliyotegemewa na bendi karibu zote. Wanamuziki walipiga kwa pamoja, kwa vipaza sauti vichache, na kilichopatikana kilihifadhiwa kwenye kanda na kurushwa hewani. Malipo yalikuwa madogo. Hapakuwa na kiwanda cha santuri kilichofanya kazi nchini, kwa hiyo neno *albamu* halikuwa na maana kubwa. Bendi ilikuwa na nyimbo, nazo zilitoka moja moja. Kaseti ziliponakiliwa madukani, faida ilikwenda kwa mwenye mashine ya kunakilia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki iliyoleta taratibu mpya ilitungwa mwaka 1999, miaka 7 baada ya *Mambo*. Bendi iliishi kwa kiingilio cha ukumbini na kwa ziara za mikoani, na kwa upande wa kusini ziara hizo zilifuata msimu wa korosho, fedha inapokuwa mikononi mwa watu.

Nyimbo za Super Matimila zilifika Uingereza kwa njia ya kaseti. Mwaka 1988 taasisi ya WOMAD ilitoa mkusanyiko ulioitwa *Nalilia Mwana*, uliotokana na rekodi za nyumbani, na bendi ikaalikwa katika matamasha ya Ulaya. Mwaka 1989 ilirekodi *Songs for the Poor Man* katika studio ya Real World, kampuni ya Peter Gabriel, kijijini Box katika jimbo la Wiltshire. *Mambo* ilifuata mwaka 1992.

Mfuatano huu wa kazi tatu ni muhimu kwa hoja yetu. *Nalilia Mwana* ni muziki uliofanywa kwa ajili ya Watanzania na kusikilizwa na Waingereza. *Songs for the Poor Man* ni muziki wa Watanzania uliopigwa upya katika studio bora: jina la albamu ni la Kiingereza, lakini ndani yake bado unasikika ukumbi wa Dar es Salaam. Katika *Mambo* mgeni amehama kutoka nafasi ya anayesikia pembeni na kuwekwa kiti cha mbele.

4.0 Sauti ya *Mambo*

Tuanze na lile linalosikika kwanza. Studio ya kisasa huwezesha kila ala kurekodiwa peke yake na kuchanganywa baadaye. Katika *Mambo* magitaa yametengana vizuri, dramu zimesogezwa mbele, na waitikiaji wamepangwa kwa usafi ambao kanda za RTD hazikuweza kuutoa. Gitaa la solo, ambalo katika kanda za zamani hupambana na tumba na kelele za chumba kizima, hapa linang'aa. Kwa sikio la mwandishi wa makala haya hiyo ni faida halisi. Wapo wanaodai kwamba vumbi la kanda za RTD ndilo uasilia wenyewe. Dai hilo linapaswa kukataliwa, kwa sababu hakuna mwanamuziki wa wakati ule aliyelitaka vumbi hilo. Walipiga kwa vifaa walivyokuwa navyo.

Gharama ya usafi huo inaonekana katika muundo. Wimbo wa dansi wa Tanzania kwa kawaida una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya taratibu, ambamo kisa husimuliwa ubeti kwa ubeti. Ya pili ni ya kasi, ambayo wapenzi huiita *chemko*, magitaa yanapozunguka na watu kuingia uwanjani. Urefu wa chemko huamuliwa na ukumbi, maana bendi hutazama wachezaji na kuendelea kwa kadiri ya jasho lao. Remmy alikuwa na la ziada. Katikati ya muziki alizungumza. Aliuliza maswali, akajijibu, akatania, akalaumu, akarudi katika wimbo. Mazungumzo ya namna hiyo yanahitaji mtu wa kuitikia, na studioni Wiltshire mtu huyo hakuwapo. Hapa silinda ya Newala na sidii ya Real World vinakutana, kwa kuwa vyote viwili hupokea wimbo na kumwacha nje yule anayeuitikia.

Badiliko zito zaidi ni la lugha. Nyimbo kadhaa za *Mambo* zina vichwa vya Kiingereza na zimeimbwa kwa Kiingereza, ama zote ama kwa sehemu kubwa: “One World”, “No Money, No Life”, “I Want to Go Home” na “What Can I Say”. Uteuzi huu unaeleweka. Mshairi ambaye nguvu yake ni maneno, akiwa mbele ya umati usiojua Kiswahili, hubaki na gitaa lake tu. Remmy hakutaka kusikika kwa gitaa pekee. Alitaka kusema, na kwa hiyo akasema kwa lugha ya msikilizaji.

Nyimbo hizo hata hivyo hazilingani kwa uzito. “One World” ndio dhaifu zaidi katika albamu nzima. Kwa Kiswahili Remmy hutumia usemi wa mitaani, maswali ya balagha, majina ya watu na mahali, na mzaha unaouma. Kwa Kiingereza cha wimbo huu anabaki na wito wa jumla wa umoja wa dunia, wito ambao mwimbaji yeyote wa tamasha lolote angeweza kuutoa. Mnyonge wa Sinza ametoweka na nafasi yake imechukuliwa na binadamu asiye na anwani.

“No Money, No Life” ni jambo jingine. Maneno hayo yana sura ya maandishi tunayoyaona nyuma ya daladala au juu ya kibanda cha kunyolea nywele. Ni Kiingereza cha Kariakoo, kilichofupishwa na kufanywa methali, na Mtanzania asiyesoma Kiingereza shuleni anakielewa. Mwingereza atausikia wimbo huo kama ulioimbwa kwa lugha yake, ilhali Mtanzania atausikia kama ulioimbwa kwa lugha ya mtaa wake. Kwa hiyo kuzigawa nyimbo za albamu kwa kigezo cha lugha pekee, nyumbani kwa Kiswahili na ugenini kwa Kiingereza, ni kurahisisha mno.

“I Want to Go Home” una utata wa aina yake. Kichwa hicho, kikiimbwa na Mkongo aliyeishi Tanzania kwa zaidi ya miaka 10 na aliyekuwa akirekodi Uingereza, hakisemi nyumbani ni wapi. Msikilizaji wa Ulaya atadhani ni Afrika kwa ujumla. Msikilizaji wa Dar es Salaam anajua kuna angalau majibu mawili.

Kwa upande wa pili zipo nyimbo zinazokataa kabisa kugeukia ugeni. Wimbo wa “Mrema” unamtaja Augustine Mrema, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye amri zake za siku saba zilijulikana nchi nzima. Kwa mnunuzi wa London jina hilo halikuwa na maana yoyote. Kwa msikilizaji wa Masasi mwenye redio ya betri halikuhitaji maelezo. “Inchi Yetu” nao unabeba katika tahajia yake alama ya Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, pale ambapo sisi tungeandika *Nchi Yetu*. Herufi moja iliyoachwa kwenye jalada inatuambia juu ya safari ya mwimbaji mengi kuliko wimbo mzima wa “One World”. Albamu hii basi ina wasemewa wawili wanaopokezana, wakati mwingine ndani ya wimbo mmoja, na thamani yake kwa mtafiti imo katika mapokezano hayo.

5.0 Vinyago vya Mwenge

Pana pingamizi linalopaswa kujibiwa. Msomaji anaweza kudhani kwamba makala haya yanaiona kazi iliyofanywa kwa ajili ya mgeni kuwa kazi pungufu. Historia ya uchongaji wa Kimakonde inatuzuia kufika huko.

Si mbali na Sinza, katika eneo la Mwenge, ndipo lilipo soko maarufu la wachonga vinyago la Dar es Salaam. Wengi wa waanzilishi wa sanaa hiyo jijini walitoka katika uwanda wa Makonde wa pande zote mbili za Ruvuma. Mtindo wa *shetani*, wenye viungo vilivyopinda na nyuso zilizogeuzwa, unahusishwa na mchongaji Samaki Likankoa na miaka ya 1950, na ulikua kwa kuuzwa kwa wageni kupitia wafanyabiashara wa mjini kama Mohamed Peera. Haukuwa mtindo wa jandoni. Barakoa za *mapiko* zilikuwa na ngoma zake, siri zake na watu wake. Kinyago cha mpingo cha shetani kilichongwa kwa ajili ya meza ya mnunuzi. Leo ukimwuliza mtu yeyote maana ya sanaa ya Kimakonde, pengine hata Newala kwenyewe, kinyago hicho kinaweza kuwa cha kwanza kutajwa. Kilichoanza kama kazi ya soko kimekuwa urithi, na hakuna sababu ya kukionea haya.

Kwa hiyo *Mambo* inaweza kabisa kuwa urithi. Tatizo la uchongaji lilijitokeza mahali pengine: kwa muda mrefu vitabu na maonesho ya nje vilipotaja Wamakonde vilijaza kurasa kwa vitu vilivyouzwa, na visivyouzwa vikabaki tanbihi. Mapiko hayakukosa thamani. Yalikosa njia ya kufika kwenye rafu ya jumba la makumbusho kwa wingi uleule. Muziki wa dansi uko mbele ya njia panda hiyohiyo sasa, na wanaochagua njia ni pamoja nasi tunaoandika tasnifu.

6.0 Kanda za Nyumbani Nazo Zimechujwa

Isidhaniwe kwamba dawa ni kuzirudia kanda za RTD, ambazo leo ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, na kuzichukua kuwa sauti halisi ya bendi. RTD ilikuwa na utaratibu wa kuyapitia mashairi kabla ya kurekodi, na wimbo uliokataliwa haukuingia studioni. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Remmy mwenyewe. Wimbo wake wa “Mambo kwa Soksi”, uliohimiza matumizi ya kondomu wakati UKIMWI ukienea, haukuruhusiwa redioni. Ulisambaa kwa kaseti na kwa maonesho ya ukumbini. Mtafiti atakayesikiliza maktaba ya redio pekee atahitimisha kwamba wimbo huo haukuwapo, ilhali ni miongoni mwa nyimbo zilizokumbukwa zaidi.

RTD nayo ilikuwa na msemewa wake: taifa, kama lilivyotakiwa na chama na serikali kuwa. Ukumbi ulikuwa na msemewa mwingine, aliyelipa kiingilio na aliyeweza kuondoka. Kaseti iliyonakiliwa mara ya tano na kupigwa kwenye basi la kwenda Mtwara ilikuwa na wake. Hakuna rekodi hata moja kati ya hizi isiyo na mtu wa kuambiwa.

Jambo hili linaigusa moja kwa moja mikoa ya pembezoni. Sidii za Real World hazikuuzwa Masasi mwaka 1992, na hata vyombo vya kuzipigia vilikuwa nadra nchini. Super Matimila iliyofika kwenye uwanda ilifika kwa redio na kwa kaseti. Tasnifu itakayochambua upokezi wa Remmy Ongala kusini mwa Tanzania kwa kutumia matini ya *Mambo* kama data kuu itakuwa imechambua nyimbo ambazo wahusika wake hawakuzisikia, na itafanya hivyo kwa tanbihi nadhifu na bila mtahini kugundua, kwa sababu kila kitu kitaonekana kuwa sahihi: mwimbaji ni yeye, bendi ni hiyo, mwaka ni huo.

Kwa upande wa utekelezaji, inapendekezwa kwamba orodha ya data katika tasnifu za muziki wa dansi isiishie kwenye jina la wimbo, bendi na mwaka. Iongezwe safu tatu: mahali wimbo uliporekodiwa, aliyegharimia kurekodiwa kwake, na njia iliyoufikisha kwa jamii inayochunguzwa. Safu ya tatu ndiyo ngumu kujaza na ndiyo yenye faida kubwa. Kwa “Mrema” tunaweza kuandika Box, Wiltshire, katika safu ya kwanza, na Real World katika ya pili. Katika ya tatu, kwa Newala, mtafiti atalazimika kwenda kuuliza kwa wenye kaseti, madereva wa zamani na waliokuwa na vibanda vya kunakili nyimbo, na kazi hiyo inafaa kufanywa sasa, wakati wengi wao wangali hai na baadhi ya kaseti bado zinapigika.